Umehamia Malden? Kijue kituo kabla hujanunua gari

Mtu akiniandikia kwamba anahamia Boston na kuniuliza akae mtaa gani, sianzi na kodi ya nyumba. Namuuliza kazi iko wapi, zamu inaanza saa ngapi, na ndugu zake wa karibu wako mji gani. Majibu yakishakuja, mara nyingi tunaishia kwenye ramani ya Malden, mji ulio kaskazini kidogo mwa Boston, na hasa kwenye kituo chake kikuu, Malden Center. Mimi naishi hapa, mwendo wa miguu tu kutoka kituoni, na nasema kwa dhati: mgeni asiye na gari hapati mtaji mkubwa kuliko nyumba iliyo karibu na kituo chenye reli mbili. Ila mtaji huo lazima ujue kuutumia. Ninao majirani wanaosikia treni wakiwa kitandani kwao, na bado wanalipa nauli kubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu hakuna aliyewaeleza treni ipi ni ya safari ipi.

Malden si mtaa wa Boston, ni mji wenye meya wake. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya elfu 66, na sehemu kubwa yao wamezaliwa nje ya Marekani. Asubuhi pale kituoni utasikia Kichina, Kireno, Kikrioli cha Haiti, Kiarabu, na ukibahatika, Kiswahili. Kwa hiyo usiogope kuuliza njia kwa Kiingereza cha kuungaunga. Nusu ya watu uliosimama nao waliwahi kuuliza swali hilohilo.

Reli mbili, kituo kimoja

Treni ya kwanza ni Orange Line, treni ya mjini, mojawapo ya njia za MBTA, shirika ambalo kila mtu hapa analiita T tu. Inaanzia Oak Grove, kituo kimoja kaskazini mwetu, inakatiza katikati ya Boston na kuishia Forest Hills upande wa kusini. Treni ya pili ni komyuta, ile ndefu ya masafa yenye kondakta ndani. Njia yake inaitwa Haverhill Line: inatoka North Station, inasimama Malden Center, kisha inapanda kaskazini kupitia Melrose, Wakefield, Reading, Andover na Lawrence mpaka Haverhill, jirani na mpaka wa jimbo la New Hampshire.

Kwa nini reli mbili zipite ubavu kwa ubavu? Orange Line ilifika Malden Center tarehe 27 Desemba 1975, baada ya ile reli ya zamani ya juu ya barabara iliyopita Charlestown kufungwa mwezi Aprili mwaka huohuo. Mpango wa awali ulikuwa kuifikisha hadi Reading, ichukue nafasi ya komyuta katika njia hiyo. Haikufika. Iliishia Oak Grove mwaka 1977, na miji ya mbele yake ikabaki na komyuta mpaka leo. Naisimulia historia hii kwa sababu inakugusa mfukoni na miguuni kila siku: Malden ndipo treni ya mjini inapokaribia kuishia na safari ya masafa inapoanza, na sisi tulio hapa tuna haki ya zote mbili.

Sasa tazama majukwaa. Orange ina jukwaa moja katikati ya reli mbili: upande huu unakwenda Forest Hills, upande ule unakwenda Oak Grove. Ukikosea, hasara yako ni dakika chache, kwa kuwa Oak Grove ndiyo mwisho na treni inageuza palepale. Komyuta ni habari nyingine. Hapa kituoni ina njia moja ya reli na jukwaa moja, na treni zote, za kwenda Boston na za kwenda Haverhill, zinasimama mahali pamoja. Kwa hiyo usipande kwa sababu umeona watu wanapanda. Soma jina la kituo cha mwisho kwenye ubao, na kondakta akishuka mlangoni mtajie kituo chako kabla hujainua mguu. Anayepanda kwa kubahatisha anaweza kujikuta Wyoming Hill, kituo kinachofuata kaskazini, jioni ya baridi, akingoja treni ya kumrudisha ambayo haiji upesi.

Binti wa dada yangu alipokuja kuanza masomo aliniuliza, "Mama mdogo, sasa mimi nipande ipi?" Nilimjibu hivi: Orange ichukulie kama daladala, huna haja ya ratiba, nenda kituoni na ndani ya muda mfupi itakuja. Komyuta ichukulie kama boti ya Zanzibar, ina saa yake, na ikishaondoka umeachwa. Mpaka leo anaongoza wenzake chuoni kwa maneno hayo.

Ukienda katikati ya mji, karibu siku zote panda Orange. Inakushusha Haymarket, State, Downtown Crossing, Chinatown, Back Bay, bila kubadili. Komyuta ya kuingia Boston inaishia North Station, na huko mbele itabidi uingie tena kwenye treni ya mjini. Faida yake ni kwamba haisimami popote kati ya Malden Center na North Station, na viti vyake ni vya kukaa ukapumzika. Kama unafanya kazi karibu na North Station, au kwenye ile hospitali kubwa ya Massachusetts General ambayo unaweza kuifikia kwa miguu kutoka hapo, jua saa za komyuta za asubuhi zinazolingana na zamu yako. Wengine wote, twendeni na Orange.

Hesabu ya nauli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Bei ninazotaja ni za wakati huu ninapoandika.

Orange Line ni dola 2.40, uwe unashuka Wellington au Forest Hills. Basi la kawaida ni dola 1.70. Komyuta inahesabiwa kwa kanda, kutoka katikati ya Boston kwenda nje. Malden Center iko kanda 1A, kanda ileile ya North Station, na kwa sababu hiyo komyuta kutoka hapa kwenda North Station nayo ni dola 2.40. Kituo kinachofuata, Wyoming Hill kule Melrose, kiko kanda 1, na kutoka North Station nauli inaruka mpaka dola 6.50. Soma tena hizo namba. Kituo kimoja tu mbele, umbali ambao mtu mwenye afya anaweza kuutembea, na nauli ya kwenda mjini imepanda karibu mara tatu. Ndiyo maana nikiona tangazo la chumba Melrose kilicho rahisi kidogo kuliko cha Malden, namwambia mtu achukue kalamu kwanza. Punguzo la kodi linaweza kuliwa na nauli kabla mwezi haujaisha.

Ukitoka Malden kwenda nje, kanda zinafanya kazi vilevile. Reading iko kanda 2, dola 7.00. Lawrence kanda 6, dola 10.50. Haverhill kanda 7, dola 11.00. Kuanzia Malden badala ya North Station hakukupunguzii hata senti, kwa sababu vituo vyote viwili ni kanda moja.

Lakini nje ya jengo la kituo kuna mabasi, na humo ndimo mlimo siri ya mji huu. Basi namba 137 linaondoka Malden Center, linapita Melrose na Wakefield, na kuishia pale pale kwenye kituo cha treni cha Reading. Nauli ni dola 1.70. Wengi wetu tunafanya kazi za kutunza wazee, na nyumba nyingi za wazee ziko huko Wakefield na Reading. Kwa komyuta, kwenda na kurudi Reading ni dola 14.00. Kwa basi ni dola 3.40. Tofauti ni dola 10.60 kwa siku, dola 53 kwa wiki ya siku tano. Ndiyo, basi linachelewa, linasimama kila kona, na siku ya theluji linatambaa. Ushauri wangu kwa anayeanza kazi ni kwenda na basi akiwa na nguvu, na kuiweka komyuta kwa zile siku ambazo zamu imemmaliza au saa ya kuripoti haimruhusu. Ila angalia ratiba ya basi ya Jumapili kabla hujamkubalia bosi zamu ya Jumapili.

Kama unatokea Boston kwenyewe ni bora zaidi. Ukitumia CharlieCard, ile kadi ya plastiki ambayo hutolewa bure, ukashuka kwenye Orange na kuingia kwenye basi ndani ya saa mbili, basi halikutozi tena. Safari nzima mpaka Reading inabaki dola 2.40. Mwenzako aliyekaa kwenye komyuta amelipa 7.00.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na nataka lieleweke vizuri. CharlieCard yenye pesa inafungua geti la Orange na inalipa basi, lakini komyuta haiitambui. Vivyo hivyo kadi ya benki ya kugusisha: geti la Orange linaikubali tangu Agosti 2024, kondakta wa komyuta haikubali. Tiketi ya komyuta nunua kwenye simu kwa programu ya mTicket, na uiwashe kabla ya kupanda, usingoje kondakta afike kwenye kiti chako ndipo uhangaike na intaneti. Na ukishuka North Station usiifute. Tangu Oktoba 2022 kuna mageti kati ya majukwaa ya komyuta na ukumbi wa kituo, na tiketi hiyohiyo ndiyo inayokutoa.

Sasa pasi ya mwezi. LinkPass ni dola 90 na inakupa treni za mjini na mabasi bila kikomo, pamoja na komyuta ya kanda 1A. Gawa 90 kwa 2.40 utaona inajilipa ukifikisha safari 38. Anayekwenda kazini siku tano kwa wiki anazivuka, basi anunue bila kufikiri mara mbili. Lakini wauguzi na wasaidizi wao wanaofanya zamu tatu ndefu kwa wiki hawafiki. Zamu 13 kwa mwezi ni safari 26, yaani dola 62.40. Huyo aweke pesa kwenye CharlieCard alipe kila safari. Nimeona watu wakinunua pasi kila mwezi kwa mazoea tu, na ni pesa ambayo ingetosha kutumwa nyumbani.

Kipato chako kikiwa kidogo, usione haya kuomba punguzo. Tangu Septemba 2024 watu wa miaka 18 hadi 64 walio kwenye misaada kama SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, wanaweza kupata kadi ya nusu nauli, na inafanya kazi kwenye treni za mjini, mabasi na komyuta. Orange inakuwa dola 1.10. Wenye miaka 65 na zaidi wana kadi yao ya punguzo, na watoto wa miaka 11 kurudi chini husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Kila ninayemfahamu anayestahili nimemsukuma aombe, na nitaendelea kuwasukuma.

Treni hizi zinakupeleka kwenye maisha gani

Shuka kwenye ramani ya Orange kuanzia Malden Center uhesabu: Wellington, Assembly, Sullivan Square, na cha nne ni Community College. Kituo hicho kiko mlangoni mwa Bunker Hill Community College, chuo kilichojaa wanafunzi wahamiaji. Tangu 2024 jimbo la Massachusetts linalipia ada ya vyuo vya namna hiyo kwa wakazi ambao hawajawahi kupata shahada, ila lazima uwe umeishi jimboni angalau mwaka mmoja. Basi anza kuhesabu mwaka wako na tunza karatasi za kuthibitisha makazi, mkataba wa nyumba na bili zenye jina lako. Anayefanya kazi mchana anaweza kushuka hapo jioni akienda nyumbani, akasoma, na kupanda tena. Hapindi njia hata kidogo.

Kabla ya chuo kuna Kiingereza. Hapa hapa Malden, mwendo wa miguu kutoka kituoni, kuna The Immigrant Learning Center, inayofundisha wahamiaji Kiingereza bila malipo tangu 1992. Jiandikishe wiki ya kwanza unayofika, maana nafasi hugombaniwa.

Endelea kusini utafika Tufts Medical Center, hospitali yenye kituo kinachobeba jina lake, kisha Massachusetts Avenue kwa wanaofanya kazi Boston Medical Center, kisha Ruggles ambako mabasi yanakwenda eneo la hospitali za Longwood. Ukitazama hivyo utaelewa kwa nini wafanyakazi wengi wa hospitali wanakaa upande wetu. Hospitali kubwa ziko njia moja ya kusini, nyumba za wazee ziko njia moja ya kaskazini, na Malden iko katikati yake. Ukipoteza kazi upande mmoja huhitaji kuhama nyumba ili kupata nyingine.

Na ndugu je? Wasemao Kiswahili tumetawanyika. Lowell ina Wakenya wengi, na Wakongo wengi wako Worcester na Portland kule Maine. Hapa ujue jambo moja kuhusu Boston: komyuta za kaskazini zinaishia North Station, za kusini na magharibi zinaishia South Station, na reli hizo hazijaunganishwa. Orange Line ndiyo inayokuvusha. Kwenda Lowell, panda Orange mpaka North Station, uingie Lowell Line. Kwenda Worcester, baki ndani ya Orange mpaka Back Bay, na komyuta ya Worcester inasimama hapo, huna haja ya kuhangaika mpaka South Station. Kwenda Portland, treni ya Amtrak iitwayo Downeaster inaondokea North Station. Hiyo ina tiketi yake na ina kiti chako, kata mapema.

Safari za ndugu zipange Jumamosi na Jumapili. Kuna pasi ya wikendi ya dola 10, komyuta zote, kanda zote, siku zote mbili. Kwenda tu Worcester siku ya kawaida ni dola 12.25, kwenda Lowell ni 10.50. Kwa dola 10 unakwenda Lowell Jumamosi kwenye harusi, unalala kwako, na Jumapili unakwenda Worcester kuhani msiba, watoto wadogo wakiwa bure. Sijui pesa nyingine katika jimbo hili inayonunua udugu mwingi kiasi hicho. Kumbuka tu kwamba wikendi treni ni chache, na mazungumzo ya mlangoni kwa wenyeji wetu huwa marefu. Aga mapema.

Siku treni isipokwenda

Aliyezaliwa na reli moja hukwama reli ikifungwa. Tarehe 19 Agosti 2022 Orange Line yote ilifungwa kwa siku 30 ili itengenezwe, kuanzia Oak Grove mpaka Forest Hills. Mabasi ya bure yaliwekwa, na kwenye komyuta abiria wa ukanda wetu waliruhusiwa kupanda kwa kuonyesha CharlieCard. Wenye nyumba karibu na kituo chenye reli mbili waliendelea kuingia mjini kwa treni. Tangu hapo matengenezo ya usiku na ya wikendi yamekuwa jambo la kawaida, nami nayaunga mkono, treni ni bora leo kuliko zamani. Ila angalia matangazo kila Ijumaa. Wakifunga Orange, tazama saa za komyuta mara moja kabla hujajisalimisha kwa basi la badala linalopita kwenye foleni ya magari.

Na kinyume chake pia. Komyuta ikikosekana kwa saa nzima na wewe uko North Station ukitaka Reading, usikae kwenye benchi. Panda Orange mpaka Malden Center, toka nje, chukua 137. Mara nyingi utafika wakati wenzako bado wanatazama ubao.

Tazama pia kalenda ya TD Garden, ukumbi ulio juu ya North Station. Usiku wa mechi ya Celtics au Bruins, au wa tamasha kubwa, watu wanamwagika kituoni wote kwa pamoja. Kama unatoka zamu ya jioni na umechoka, panda Orange kwenye kituo kilicho kabla ya North Station, Haymarket au State, ukiwa umeshapata kiti kabla umati haujaingia.

Majira ya baridi yanataka neno fupi: majukwaa ya Malden Center yako juu ya barabara na upepo hauna kizuizi. Subiri chini ndani ya jengo, tazama dakika kwenye simu, panda ngazi treni ikikaribia. Mwenye kigari cha mtoto au mzazi mwenye magoti mabovu, kituo kina lifti, lakini hakikisha kwenye tovuti ya MBTA kwamba inafanya kazi siku hiyo, na uhakikishe pia lifti ya kituo unachoshukia. Watu hukagua ya mwanzo wakasahau ya mwisho.

Kuchagua nyumba yenyewe

Usiamini tangazo linaloandika "karibu na treni". Nenda utembee mwenyewe kutoka mlango wa nyumba mpaka geti la kituo, na uende saa ileile utakayokuwa unarudi kazini, hata kama ni usiku. Utaona taa zilipo, utaona kilima, utaona duka lililo wazi. Dakika kumi ni nzuri. Ishirini wakati wa theluji ni adhabu. Barabara ya Pleasant Street, inayoingia katikati ya mji, zamani ilizibwa na jengo la serikali ya mji lililosimama mbele ya kituo. Jengo hilo lilibomolewa na barabara ikafunguliwa tena, na sasa ukitoka kituoni unatembea moja kwa moja mpaka madukani. Mitaa ya upande huo ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayerudi usiku, kwa kuwa ina watu.

Gari lisubiri. Bima, maegesho, mafuta na matairi ya baridi vitameza mshahara wa mgeni kabla hajajua mji. Ukishaona kwamba kazi yako iko mahali ambapo Orange, komyuta na basi vyote havifiki, hapo nunua bila majuto.

Mwisho, unapompokea mzazi au mdogo wako uwanja wa ndege wa Logan, huna haja ya kukodi teksi kama mizigo inabebeka. Basi la Silver Line SL1 linachukua watu kwenye kila jengo la abiria, na kupanda hapo Logan ni bure. Linaishia South Station. Huko, bila kutoka nje ya mageti, shuka kwenye Red Line, kituo kimoja tu mpaka Downtown Crossing, kisha badilisha kwenda Orange, upande wa Oak Grove. Mtafika Malden Center hamjalipa hata senti. Kama mizigo ni mingi au mgeni amechoka, lipeni dola 2.40 kila mmoja: basi la bure la uwanja wa ndege mpaka kituo cha Airport, Blue Line mpaka State, na Orange mpaka nyumbani. Njia hii ina ngazi chache za kuwaza. Mwambie mgeni avae koti zito kabla hajatoka nje ya jengo, na mfungulie mwenyewe mkoba wa sweta hapo hapo, asije akakwambia hasikii baridi.